Siasa, Serikali na Shule ya Umma: Lipi ni la Mwanasiasa?

Ndugu walimu, wazazi, wanafunzi wa ualimu, na nyote mliofika jioni hii, asanteni kwa kuja.

Kuna kauli ambayo kila mmoja wetu ameisikia, na pengine ameitamka: "Tuondoeni siasa shuleni." Husemwa kwa nia njema, hasa na walimu waliochoshwa na viongozi wanaofika shuleni na wapiga picha, wakakabidhi madawati, wakaondoka. Uchungu wao nauelewa, lakini kauli yenyewe siikubali. Kila jambo linaloifanya shule iwe ya umma limeamuliwa kisiasa: nani aandikishwe, nani alipie, masomo yafundishwe kwa lugha gani, historia ya nani isomwe, mwalimu alipwe kiasi gani. Tukisema siasa iondoke, maamuzi hayo hayaondoki. Yanabaki kwa watu wachache wasioulizwa na yeyote. Kwa hiyo nimekuja na swali jingine: katika mambo ya shule, lipi ni la mwanasiasa, na lipi asiliguse?

Tutazame kwanza zilikotoka shule hizi. Mwaka 1763 Mfalme Frederick wa Pili wa Prussia, dola ya zamani ya Wajerumani, alitoa kanuni ya kuwalazimisha watoto wa vijijini kusoma. Mfalme yule hakuwa akitafuta kura. Alitaka raia wacha Mungu, watiifu na wenye manufaa kwa dola yake. Japan ilitangaza mfumo wa elimu wa nchi nzima mwaka 1872, utawala wa mfalme Meiji ukiwa bado mchanga na ukihofia kumezwa na mataifa ya Magharibi. Ufaransa, chini ya waziri wake wa elimu Jules Ferry, ilifuta ada za shule za msingi mwaka 1881, na mwaka uliofuata ikaifanya elimu kuwa ya lazima na kuyatoa mafundisho ya dini katika shule za serikali. Jamhuri ilikuwa ikishindana na Kanisa kuwapata watoto. Na katika shule hizo hizo zilizofungua milango kwa mtoto wa mkulima, mtoto aliyezungumza Kibretoni, lugha ya magharibi mwa nchi hiyo, aliadhibiwa kwa kuzungumza lugha ya mama yake.

Naomba mlitazame vizuri jambo hilo. Mkono mmoja wa serikali ulimpa mtoto kitabu, na mkono ule ule ukamnyang'anya lugha.

Mfano mchungu kuliko yote ninaoujua ni wa Afrika Kusini. Sheria ya Elimu ya Wabantu ya mwaka 1953 iliitoa elimu ya Waafrika mikononi mwa wamisionari na kuiweka chini ya idara ya serikali iliyosimamia mambo ya Waafrika, waziri wake akiwa Hendrik Verwoerd. Hakuficha lengo lake: alieleza bungeni kwamba katika jamii ya Wazungu Mwafrika hana nafasi zaidi ya kazi za aina fulani, basi elimu yake ilingane na hilo. Mtaala ukaandikwa hivyo, na bajeti ikagawanywa hivyo. Ilipofika miaka ya 1970 ikaja amri kwamba nusu ya masomo, hisabati ikiwemo, yafundishwe kwa Kiafrikaans, lugha ya Makaburu. Tarehe 16 Juni 1976 wanafunzi wa Soweto waliandamana, na polisi wakawapiga risasi. Wanafunzi wale hawakuomba siasa iondoke shuleni. Walikuwa wakiikataa siasa iliyowahukumu kabla hawajazaliwa, na kudai nyingine.

Basi je, serikali ikae mbali? Hapana, na hapa nasema bila kusita. Hakuna nchi iliyofikisha watoto wake wote darasani kwa hisani ya wafadhili au kwa mifuko ya wazazi peke yake. Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948, katika ibara ya 26, linasema elimu ya msingi iwe ya bure na ya lazima. "Bure" maana yake ni kwamba mwingine analipa, na huyo mwingine ni mlipakodi. Kodi haikusanywi wala haigawanywi bila siasa.

Tena siasa za ushindani zimefanya mema ambayo hatuna budi kuyataja. Nchini Uganda elimu ya msingi bila ada ilikuwa ahadi ya uchaguzi wa rais wa mwaka 1996. Ilipoanza mwaka 1997, wanafunzi waliongezeka kutoka takriban milioni 3 hadi zaidi ya milioni 5. Nchini Kenya ilikuwa ahadi ya uchaguzi wa Desemba 2002. Shule zilipofunguliwa Januari 2003, watoto zaidi ya milioni moja waliongezeka. Malawi ilikwisha kupita njia hiyo mwaka 1994, mwaka uleule ilipofanya uchaguzi wa vyama vingi. Mzazi maskini ambaye miaka yote alikuwa hasikilizwi alisikilizwa kwa sababu alikuwa na kura.

Lakini kura hununua nini hasa? Hapa ndipo ningependa tukae kidogo.

Uandikishaji huhesabika mara moja. Ada ikifutwa mwezi huu, mwezi ujao waziri ana takwimu za kusoma bungeni. Madarasa mapya hupigwa picha, na ukutani huwekwa jiwe la msingi lenye jina la mgeni rasmi. Sasa chukua jambo la mtoto wa darasa la tatu kusoma aya moja na kuielewa. Hilo hudai mwalimu aliyefunzwa vizuri, vitabu vya kutosha, darasa lisilofurika na miaka kadhaa ya uvumilivu, na matunda yake huonekana baada ya uchaguzi mwingine kupita. Mwanasiasa atafanya lile litakalohesabiwa akiwa bado madarakani. Si lazima awe mtu mbaya. Ndivyo kazi yake inavyompima, na atakayemrithi atapimwa vivyo hivyo.

Tanzania ililiona hilo mapema. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliisogeza ratiba ya elimu ya msingi kwa wote hadi mwaka 1977. Walimu wa kutosha hawakuwapo, kwa hiyo vijana waliomaliza elimu ya msingi walifunzwa kazi ya ualimu huku wakifundisha. Jina la "walimu wa UPE", kifupi cha Kiingereza cha elimu ya msingi kwa wote, likabaki midomoni mwa watu miaka mingi, mara nyingi kwa kejeli. Kejeli hiyo sikubaliani nayo. Vijana wale walibeba mzigo ambao ratiba ya kisiasa iliwatwika, na watu wengi wazima wanaojua kusoma leo walifundishwa nao.

Twende kwenye fedha, maana ahadi zote huishia huko. Uganda hiyo hiyo iliacha funzo ambalo kila kamati ya shule ingefaa kulijua. Uchunguzi wa matumizi ulipofuatilia ruzuku ya serikali kwa shule za msingi kati ya mwaka 1991 na 1995, ulikuta kwamba kwa wastani shule zilipokea asilimia 13 tu ya fedha zilizotengwa kwa ajili yake. Nyingi ziliishia njiani, ngazi ya wilaya. Serikali ikaanza kutangaza magazetini kiasi kilichotumwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika hadharani kiasi zilichopokea. Baada ya miaka michache kiwango kilichofika shuleni kilipita asilimia 80. Watafiti wamebishana kuhusu ni kiasi gani cha mafanikio hayo kilitokana na magazeti na kiasi gani kilitokana na hatua nyingine zilizochukuliwa wakati huo, na ubishi huo ni halali. Lakini mwalimu mkuu anayejua kiasi alichotumiwa anaweza kukidai. Asiyejua hushukuru kwa chochote anachopewa.

Sasa nirudi kwenye mpaka niliouulizia. Kwa maoni yangu, ya mwanasiasa ni haya: kiasi cha bajeti kiende kwenye elimu, nani alindwe asiachwe nyuma, na malengo makuu ya elimu ya nchi ni yapi. Hayo ayatetee hadharani na ahukumiwe kwayo. Mwaka 2015, huko Incheon, Korea Kusini, mataifa yalikubaliana kwamba elimu ipewe angalau asilimia 15 hadi 20 ya matumizi ya serikali. Mpiga kura anaweza kuifungua bajeti ya nchi yake na kulinganisha.

Yasiyo yake ni ajira ya mwalimu mmoja mmoja, uhamisho wake, usahihishaji wa mitihani na maandishi ya kitabu cha historia. Nchini Mexico kwa miaka mingi nafasi za ualimu ziliuzwa na kurithiwa, hadi mageuzi ya mwaka 2013 yalipojaribu kukomesha desturi hiyo. Mahali ambapo mwalimu anaweza kuhamishwa kwa sababu hakufika kwenye mkutano wa hadhara, hafundishi tena kwa uhuru, na watoto hulitambua hilo upesi kuliko tunavyodhani. Mtaala nao uwe na muda wake maalumu, ubadilishwe baada ya tathmini na si baada ya kubadilishwa waziri. Kipya kinyemi, lakini mwalimu aliyepewa mitaala miwili katika kipindi kifupi, bila mafunzo wala vitabu, hana wowote anaoumudu.

La mwisho ni gumu kulisema mbele ya viongozi, ila nitalisema. Wengi wanaoamua kuhusu shule za umma hawapeleki watoto wao huko. Agosti 2015 Mahakama Kuu ya Allahabad, katika jimbo la Uttar Pradesh nchini India, iliamuru kwamba watumishi wa serikali, wawakilishi wa wananchi na majaji wapeleke watoto wao katika shule za msingi za serikali. Siungi mkono kulazimisha hivyo. Ibara ile ile ya 26 inawapa wazazi haki ya kuchagua aina ya elimu ya watoto wao, na haki hiyo ni ya waziri kama ilivyo ya mkulima. Lakini mgombea tunaweza kumuuliza, kwa heshima, mtoto wake anasoma wapi. Akijibu kwamba ni shule ya binafsi, tumuulize la pili: ni kitu gani kilikosekana katika shule ya umma iliyo karibu na nyumba yake, na bajeti atakayoipigia kura imetenga kiasi gani kwa ajili ya kitu hicho.