Kujaza mifuko ya uyoga mamama: chunga sana kipimo cha pumba

Karibuni tena bandani kwangu hapa Pongwe, Tanga. Leo tunajaza mifuko ya uyoga mamama, na mbegu mnazoziona ndizo ninazowauzia. Vumbi la mbao nimelichukua kwa mafundi seremala wa Ngamiani, nikahakikisha ni la mwembe, kwa kuwa mvule una kemikali zinazozuia kuoza, jambo linalomfaa mjenzi lakini si mkulima wa uyoga. Nimekwisha kulilowesha, likamue kiganjani, yatoke matone mawili matatu tu.

Sasa pumba za mpunga, na hapa naomba mtulie. Kwa kilo 10 za vumbi kavu ninatia kilo 1 ya pumba, basi. Katika kilo nzima ya mti mkavu, naitrojeni, yaani kirutubisho cha kujengea protini ambacho pumba zinacho zaidi, mara nyingi haifiki hata gramu 2, na ndiyo sababu wengi hudhani uyoga utakufa njaa, wakaumiminia pumba. Mwaka jana nilitia kilo 3; ndani ya wiki moja mifuko 40 ikawa kijani kwa ukungu, nikaizika yote. Tafadhali, msizidishe pumba.

Uyoga unaoozesha mti unajua kubana matumizi. Mwili wake ndani ya mti ni nyuzi nyembamba; zile zilizokwisha kumaliza sehemu yao huvunjwa, protini zake zikawa asidi amino, nazo husafirishwa ndani ya nyuzi hai hadi kwenye ncha zinazoingia mti mpya, hivyo naitrojeni ileile hutumika tena na tena. Tena mamama huwinda naitrojeni ya ziada: mwaka 1984 Thorn na Barron, watafiti wa Canada, walionyesha kwamba jamii hii ya uyoga hulemaza kwa sumu minyoo midogo ya udongoni, kisha nyuzi zikawaingia na kuwala. Kwangu mimi hilo ndilo jambo zuri kuliko yote katika kazi hii.

Kufunga, kuchemsha kwa mvuke na kupanda mbegu mlikwisha kuona. Huu ni mfuko wa wiki ya nne. Samahani, lenzi imeshika mvuke, naifuta. Haya, tazameni penye tundu: vichwa vidogo kama vya njiti za kiberiti, na naitrojeni iliyokusanywa mfuko mzima sasa inaelekea huko. Mwagieni maji sakafu, si vichwa hivyo. Nasema tena: pumba kilo 1.