Brashi au Splaini? Tunachonga Feawei kwenye Gemu la Kudizaini Viwanja vya Gofu

Salim: Haya, leo ni feawei tu, ile njia ya nyasi fupi ya kuelekea shimoni, maana watu wakifungua sehemu ya kudizaini wanakimbilia grini, pale penye kishimo chenyewe, na mabunka, zile sehemu za mchanga, feawei wanaipaka haraka haraka, halafu wanashangaa mbona uwanja wao hauna ladha.

Neema: Na wanaipaka na ile brashi kubwa ya duara, si ndio? Ukiangalia kutoka juu, pembeni kote ni nusu duara nusu duara, hakuna mstari hata mmoja uliotulia.

Salim: Dada, usiiseme brashi vibaya. Mi naipenda, unashika unapaka, umemaliza.

Neema: Ina kazi yake kaka, ila mstari wa nje wa feawei mwachie splaini. Unaweka nukta huku na kule, gemu lenyewe linapitisha mstari, na ukitaka kubadili kona unasogeza nukta moja tu badala ya kufuta na kupaka upya. Tatizo ni mtu akishapewa nukta anazimwaga tu, moja kila hatua, mstari unaanza kutetemeka. Weka pale feawei inapogeuka au inapopanuka, kwingine acha.

Salim: Sawa, lakini ardhi je? Ardhi huichongi na splaini. Kuinua, kushusha, kusawazisha, kulainisha, hizo zote ni brashi.

Neema: Hapo sina ubishi. Na ardhi ndo inaanza, kabla hata hujachora feawei.

Salim: Enhe, na hapa nataka tukae kidogo. Wengi wanachukua brashi ndogo, nguvu wanaweka juu kabisa, wanabonyeza, feawei inajaa vichuguu. Fanya kinyume, brashi pana, nguvu ndogo, pita mara kadhaa, halafu lainisha, utapata yale mawimbi marefu ambayo mpira ukitua unaviringika kwenda mahali fulani. Ile ya kusawazisha mi nabaki nayo kwa tii tu, pale shoti ya kwanza inapopigwa. Ukiipitisha kwenye feawei nzima umeua shimo, yaani njia yote kutoka tii hadi grini.

Neema: Chukua shimo la 13 la Augusta National, ule uwanja wa Marekani. Ni par 5, yaani la kumalizwa kwa shoti tano, inakata kushoto, feawei imeinama kutoka kulia kwenda kushoto, na huko kushoto ndo kuna kijito, ambacho kinakuja kukatiza tena mbele ya grini. Sasa mchezaji wa mkono wa kulia anasimama mpira ukiwa juu kuliko miguu yake, yaani unataka kumkimbilia kushoto, na bado anatakiwa aamue kama anaipiga grini kwa shoti ya pili au anatulia. Hilo swali lote limetoka kwenye mteremko. Ichore feawei ileile, kona ileile, kwenye ardhi tambarare, uone kama kuna cha kufikiria.

Salim: Na 2023 waliisogeza tii nyuma, kutoka yadi 510 hadi 545, feawei wakaiacha na mwinamo wake. Hebu twende kwenye upana, kuna watu feawei yao yote ni yadi 35 kuanzia mwanzo hadi mwisho, kama barabara ya lami.

Neema: Hiyo inanikera! Panua pale mpira unapotua, au bana, lakini uwe na sababu. Old Course ya St Andrews, ule uwanja wa Scotland, shimo la 1 na la 18 wanatumia feawei moja, ni zaidi ya yadi 100 kwa upana, ila upande utakaochagua ndo unaamua shoti inayofuata itakuwaje. Kwahiyo mi nikipanua, napanua upande wa hatari, karibu na bunka au maji, anayethubutu kwenda huko apate pembe nzuri ya kuingia grini, na mwoga aende upande mwingine akapambane na bunka la mbele.

Salim: Ndo maana mi sichori nikiwa juu muda wote. Kutoka angani kila kona inapendeza, ukishuka kwenye tii unakuta kilima kimeficha nusu yake.

Neema: Kabisa, nukta mbili tatu, shuka kwenye tii, angalia, rudi. Inachosha lakini ndo kazi yenyewe.

Salim: Halafu ukishamaliza splaini, chukua brashi ndogo ya rafu, zile nyasi ndefu za pembeni, gusagusa ukingo sehemu chache.

Neema: Umeona umerudi kwenye brashi yako!

Salim: Sijawahi kutoka! Ila sehemu chache nimesema, zile zilizo mbali na mpira unapotua. Pale unapotua ukingo uwe safi, mtu ajue amekosa feawei au hajakosa.

Neema: Hiyo nakupa. Haya, wiki ijayo mabunka, na usianze na brashi.