Angalieni mguu wa yule wa kushoto: maneno kabla ya Fantasia ya Schubert

Haya jamani karibuni, wale mlioko nyuma kama mnaona viti mbele sogeeni tu, msione aibu, manake leo nataka muone mikono, na zaidi ya mikono nataka muone mguu, ntafika huko. Wapiga piano wetu wako chumba cha nyuma wanapasha vidole moto, mimi nimepewa dakika chache niwaandae masikio.

Hapo mlangoni kuna mama kaniuliza, mwanangu piano ya pili inakuja saa ngapi? Haiji mama. Ni hiyo moja, na vile viti viwili vimebanana hivyo hivyo makusudi. Kuna muziki wa piano mbili, huo upo na ni mzuri, lakini wa leo ni watu wawili piano moja, mikono minne, vitufe 88 vya kugawana. Anayekaa kulia, upande wa sauti nyembamba, anaitwa primo, wa kushoto upande wa besi anaitwa secondo, Kiitaliano hicho, wa kwanza na wa pili. Vitabu vingi vya nota vya muziki huu ukivifungua ukurasa wa kushoto ni wa secondo, wa kulia ni wa primo, kwaiyo kila mtu ana ukurasa wake anasoma na sehemu ya mwenzake anaisikia tu. Wanakwaya mtanielewa haraka: mmoja ana sauti ya kwanza na ya pili, mwingine ana teno na besi, lakini pumzi inatakiwa iwe moja.

Sasa pale katikati ndo kuna kazi. Mkono wa kushoto wa primo na wa kulia wa secondo wanaishi nyumba moja, kuna wakati wote wawili wanataka kitufe kilekile, huyu akipiga anatakiwa atoke hapo hapo ili mwenzake apige, tena bila msikilizaji kujua kwamba kuna mtu kapisha. Aliyewahi kutwanga na mwenzake kwenye kinu kimoja anaijua hali hii, michi miwili, ukichelewa kuinua wako ule mwingine unaugonga.

Halafu pedali, vile vya kukanyaga chini ya piano. Ile ya kulia ukiikanyaga, vile vipande vya kitambaa kizito vinavyozibana nyuzi vinainuka vyote kwa pamoja, sauti inaendelea kulia hata ukitoa kidole. Miguu minne, pedali moja, nani anakanyaga? Mara nyingi ni secondo, kwa sababu besi ikibadilika na pedali lazima ibadilike, la sivyo sauti zinachanganyika zinakuwa uji. Fikirieni hiyo maana yake nini. Primo anaimba melodia nzuri, watu wote macho kwake, lakini ile melodia ing'ae au ikauke, idumu au ikatike, inaamuliwa na mguu wa mtu mwingine. Hilo ndo nililokuja kusema leo.

Mi mwenyewe nimepiga secondo miaka mingi na mwenzangu mmoja, na mwanzoni nilikuwa nakanyaga kwa faida ya mikono yangu tu, nasikiliza besi yangu kama iko safi basi natosheka. Siku moja mazoezini akaacha kupiga, akaweka mikono mapajani akasema, kila nikikaribia mwisho wa sentensi unanikata pumzi. Nikanyamaza manake ni kweli. Tukarudi ukurasa uleule kama wiki nzima hivi, mimi zangu nimezikariri, macho yangu yako ukurasa wake, nasoma za kwake, naimba za kwake moyoni, mguu ukaanza kumfuata yeye. Toka siku hiyo nikienda konsati ya mikono minne naanza na kuangalia chini.

Kuna mchoro wa familia ya Mozart, ulichorwa Salzburg kama mwaka 1780 na 81, Wolfgang, ndo Mozart mtunzi mwenyewe, na dada yake Nannerl wamekaa kwenye kinanda kimoja, na mchoraji hakuwachora kila mtu na upande wake, kawachora mikono imepishana, mmoja kavuka juu ya mwenzake. Baba yao amesimama na fidla, mama yao alishafariki 1778 huko Paris, kwaiyo yeye yumo ndani ya picha ukutani. Naupenda sana mchoro ule. Muziki huu ulikuwa hivyo, wa sebuleni, wa ndugu, wa mwalimu na mwanafunzi. Na zamani kabla ya santuri ndo ulikuwa redio yao pia, unataka kuisikia simfoni, ule muziki mrefu wa okestra, na mji wenu hauna okestra unanunua nota za mikono minne mnaipiga nyumbani, hata mtunzi Brahms simfoni yake ya kwanza aliiandika tena kwa mtindo huo, na zile Dansi za Kihungari zake ambazo watu wanazijua kwa okestra, za kwanza kabisa zilizotoka 1869 zilikuwa za watu wawili piano moja.

Lakini Schubert ndo wa leo, na naomba nikae hapa kidogo.

Franz Schubert, mtunzi wa muziki, mtu wa Vienna, Austria. Mwaka 1818 akaajiriwa na kabaila mmoja, Esterházy, akafundishe mabinti zake wawili muziki kwenye jumba lao la mashambani Zseliz, enzi hizo Hungaria, leo ni Slovakia, akarudi tena huko 1824. Binti mdogo anaitwa Karoline. Marafiki wa Schubert walikuja kusimulia kwamba alimpenda, na ile mara ya pili binti alikuwa ameshakuwa mdada, lakini mwalimu wa muziki asiye na cheo wala mali na binti wa kabaila, kwa Vienna ile, aende wapi? Kitu pekee kilichoruhusiwa ni kukaa naye benchi moja wakapiga piano. Na jamaa kaandika muziki wa mikono minne mwingi kweli kweli.

Hii Fantasia, yaani kipande cha mtindo huru, ya ngazi ya sauti ya F maina, aliianza Januari 1828, akamtunukia Karoline. Tarehe 9 Mei mwaka huohuo akaipiga na rafiki yake Franz Lachner, msikilizaji akiwa rafiki yao mwingine, Bauernfeld. Novemba 19 akafariki, ana miaka 31. Ilichapishwa 1829, yeye hayupo.

Mtakachosikia: secondo anaanza peke yake, chini, taratibu, kama maji yanayokaribia kuchemka, muda mfupi tu halafu primo anaingia juu na noti mbili anazozirudia rudia, kama mtu anayeita jina la mtu na kusubiri. Hapo muangalie mguu, unavyopumua pole pole chini ya ile melodia. Ni kama dakika 20 bila kusimama, kuna sehemu nzito ya polepole, kuna inayorukaruka, sitazieleza zote mtazisikia. Karibu na mwisho sauti zinaanza kukimbizana, moja inasema, nyingine inairudia juu yake, nyingine tena, mikono yote minne imejaa, inapanda inapanda unaona piano itapasuka, halafu kimya. Ghafla tu. Msipige makofi hapo jamani, nawaomba sana, haijaisha. Baada ya kimya kile lile jina linaitwa tena, kama mwanzo, halafu zinakuja kodi chache za mwisho, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, na ile ya mwisho kabisa vidole vinaweza kutoka kwenye vitufe lakini sauti bado ipo, imeshikwa na mguu wa yule wa kushoto. Subirini uinuke.

Nawaona wako tayari pale mlangoni. Karibuni.