Bustani Moja, Kila Mtu na Yake

DADA: Karibuni tena kipindini. Leo tunaanza na ugomvi, maana mwenzangu hapa amenuna tangu juzi.

KAKA: Sijanuna, dada. Uliniambia niende ile bustani ya mtaa, ukasema nitapumzika mpaka nisinzie. Nikabeba familia nzima.

DADA: Enhe?

KAKA: Hatukumaliza hata dakika 40. Choo kimefungwa kwa kufuli, na kufuli lenyewe lina kutu, si la jana. Bomba la maji linatoa hewa. Mama yangu, magoti yake unayajua, akaketi kwenye benchi la zege lisilo na egemeo wala pa kushikia mkono. Kuketi aliketi. Kuinuka ndiyo ikawa kazi, tukamnyanyua watu wawili huku bustani nzima inatazama. Njia nzima ya kurudi nyumbani hakusema neno.

DADA: Ayaa. Pole sana, na mama mpe pole. Lakini nikuulize, mlienda saa ngapi?

KAKA: Jumamosi, saa kumi jioni.

DADA: Haya basi. Mimi huenda saa kumi na mbili asubuhi, katikati ya wiki. Nyasi bado zina umande. Wapo wazee watatu wanaozunguka polepole, na mtu anayefagia majani, ule ufagio wa njiti, shwaa, shwaa. Nikimaliza mizunguko yangu minne naondoka nimetulia. Choo sikihitaji, nimetoka kwangu muda si mrefu. Bomba sijawahi kulifungua.

KAKA: Umejisikia lakini? Unapasifia mahali ambapo hujawahi kupaomba kitu.

DADA: (anacheka) Hiyo imeniingia.

KAKA: Ndivyo ilivyo. Kila mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Mkimbiaji atakuambia njia ni safi. Mwenye mbwa atasema nafasi ipo tele, na mwenye mtoto anayetambaa atakuambia alichokikuta kwenye nyasi baada ya huyo mbwa. Wote wakweli!

DADA: Na mwanao je, yule mdogo? Ule mtelezo si mzuri, unang'aa?

KAKA: Unang'aa kwa sababu ni bati, dada. Umeelekea magharibi, hakuna mti karibu. Saa kumi jua lote limo mle. Mtoto ameshuka nusu, akapiga yowe. Mimi nikadhani ameanguka. Kumbe mapaja yanaungua. Sasa nina kanuni moja: kabla mtoto hajapanda, weka kiganja chako pale na uhesabu hadi tano. Ukishindwa wewe, yeye ataweza vipi? Na usidanganyike na ile ya plastiki, wala mikeka ya mpira mweusi chini ya bembea. Nayo hupata moto vibaya.

DADA: Asubuhi ule mtelezo ni baridi kama sahani.

KAKA: Ndiyo maana wewe na mimi tunaongelea bustani mbili.

DADA: Lakini hilo la benchi tusiliache. Kulikuwa na mtafiti mmoja New York, William H. Whyte. Miaka ya 1970 alitega kamera kwenye viwanja vya mjini, akawa anarekodi watu wanavyokaa, wanavyopita, wanavyosimama. Mwaka 1980 akatoa matokeo yake. Moja kubwa lilikuwa kwamba watu hukaa zaidi pale penye pa kukalia.

KAKA: (anacheka) Kamera zote hizo kwa jambo hilo?

DADA: Cheka, lakini waliochora viwanja walikuwa hawalijui! Walijenga mahali pazuri pa kutazama, pa kukaa hakuna. Na aliona kingine kitamu zaidi. Mtu akipewa kiti kinachohamishika, hukisogeza kidogo kabla ya kukaa. Hata kama kitaishia pale pale kilipokuwa.

KAKA: Eti nini?

DADA: Wewe mwenyewe ulipoingia studio leo umefanya hivyo hivyo. Nilikuona.

KAKA: Nilikuwa nakwepa feni.

DADA: Feni haijawashwa, kaka.

KAKA: Tuendelee. Mimi hoja yangu ya pili ni usalama. Ile pembe ya nyuma, penye vichaka, jioni ile mke wangu alikataa kabisa kupita. Ningekuwa na uwezo ningezungusha ukuta mrefu, geti moja, mlinzi mmoja, basi.

DADA: Hapo ndipo nitakupinga. Hebu sikiliza kisa cha bustani ya Bryant Park, hukohuko New York. Ilikuwa na uzio na vichaka virefu, ukiwa barabarani huoni ndani, na wauza dawa za kulevya wakaifanya yao. Ikafungwa mwaka 1988, ikafunguliwa tena 1992. Katika matengenezo hayo, na huyo Whyte alikuwa mshauri, walipunguza vichaka, wakaongeza njia za kuingilia, wakaweka viti vya kuhamishika. Na choo, kaka, choo kikakarabatiwa na kufunguliwa.

KAKA: Kwa hiyo walifungua badala ya kufunga.

DADA: Ukuta mrefu humficha hata yule unayemwogopa. Whyte alikuwa na kipimo chake: tazama wanawake ni wangapi. Wakiwa wachache mno, kuna kitu hakiko sawa mahali hapo, kwa sababu wao huchagua kwa makini zaidi pa kukaa. Mkeo alipokataa ile pembe, alishakupa ripoti nzima.

KAKA: Hmm. Umenikumbusha binti yangu sasa. Ana miaka 11. Muda wote alikaa ukingoni, ameinamia simu. Nikamgombeza: nimekuleta ucheze, unakuja kuangalia kioo?

DADA: Uwanja ulikuwa na nani?

KAKA: Wavulana. Wamejaa, mpira unaruka hadi kwenye mabenchi.

DADA: Na uwanja ni mmoja?

KAKA: Mmoja.

DADA: Ulimwonea mtoto wa watu.

KAKA: Wangu huyo!

DADA: Ulimwonea hata hivyo. Vienna, kule Austria, waliliona hilo miaka ya 1990. Watafiti waligundua kwamba wasichana wakishapita miaka 9 hivi wanapungua sana kwenye bustani, wavulana hawapungui. Si kwamba hawapendi kucheza. Nafasi ikiwa moja na inagombaniwa, wavulana ndio huishia kuichukua. Basi mwaka 1999 mji ukaanza kuzipanga upya bustani mbili kwenye wilaya ya tano. Wakaongeza vijia, wakaweka viwanja vya voliboli na badminton, na ile nafasi kubwa moja wakaigawa kuwa sehemu ndogondogo. Wasichana wakarudi, na wavulana hawakufukuzwa.

KAKA: (kimya kidogo) Na mimi nilimnyang'anya simu.

DADA: Mrudishie na maneno mawili matatu.

KAKA: Nitamrudishia leo. Lakini wewe pia usiponyoke. Miezi mingapi unaisifia bustani hii, na hujui kwamba mtu wa magoti hawezi kuinuka pale?

DADA: Sijui, kweli. Ukiwa mzima unapita kando ya benchi kama unavyopita kando ya nguzo ya umeme. Hulioni.

KAKA: Basi tubadilishane. Mimi nampeleka mama Jumatano, saa yako ya umande. Nitabeba kiti kutoka nyumbani, chenye mikono.

DADA: Atakisogeza kwanza, utaona.

KAKA: Na wewe nenda Jumamosi, saa kumi. Mchukue binti yangu, mkatafute nafasi kwenye huo uwanja.

DADA: Nakubali. Raketi ninazo.

KAKA: Na ukipita pale, fungua lile bomba.