Theluji ya Kansas na mahamri ya Mombasa

Asalaam aleikum watu wa Mombasa! Wa Likoni, wa Kisauni, wa Mji wa Kale, na nyinyi wa Kilifi na Kwale ambao mkiulizwa na mgeni mnasema ni wa Mombasa. Hamjambo? Mnanisikia? Upepo wa huku unakula sauti, nitasema kwa nguvu.

Niko Kansas, katikati ya Marekani, nje kidogo ya mji wa Wichita. Hili jeupe lote nyuma yangu ni shamba. Dhoruba imepita juzi usiku, na najua mshaanza kuniandikia pole. Shangazi yangu wa Majengo kila akiona theluji kwenye taarifa ya habari hunipigia, keshanizika. Shangazi, mimi mzima, nimevaa suruali mbili. Leo weka pole yako. Mwenye shamba hili, mzee mmoja tuliyezoeana kazini, tangu dhoruba ipite anacheka peke yake. Sogeeni niwaonyeshe sababu.

Nafukua kwa mkono. Theluji yenyewe shubiri moja hivi. Haya, huku chini... mnaona? Majani ya kijani! Hii ni ngano. Ilipandwa mwezi wa tisa ikaota vizuri, sasa imelala. Itaamka baridi ikipungua, ivunwe mwezi wa sita. Jana alfajiri hewa ilikuwa nyuzi 18 chini ya sifuri, chupa ya maji iliyolala garini imekuwa jiwe. Lakini hapa kwenye udongo baridi haijafika huko hata kidogo, kwa sababu theluji imejaa hewa ndani yake, inafunika kama blanketi. Ile sehemu ya mche inayotoa machipukizi iko chini ya udongo sentimita mbili tu au pungufu, na ikifa hiyo, mche umekwisha. Kwa hiyo kinachomkosesha mkulima usingizi ni baridi kali juu ya udongo mtupu. Tena ngano hii isipokaa kwenye baridi wiki kadhaa, haitoi suke. Utapata majani ya kulisha mbuzi.

Sasa maji. Hii sufuria niliijaza theluji pomoni kabla sijatoka, nikaiyeyusha jikoni. Tazameni kilichobaki. Kidole kimoja! Kwa kawaida theluji ya sentimita 10 inatoa maji kama sentimita 1, na ile kavu ya unga hata hiyo haifiki. Inaonekana kichekesho, lakini inayeyuka taratibu na udongo unapata nafasi ya kunywa. Kule California wamejenga kilimo chao juu ya jambo hili: theluji ya milima ya Sierra Nevada inawapa karibu asilimia 30 ya maji ya jimbo zima, na yanateremka wakati wa jua kali, mashamba yakiwa na kiu.

Dhoruba yenyewe inatoka wapi? Hewa ya baridi inashuka kutoka Kanada, na hapa katikati hakuna mlima wa kuizuia. Hewa ya joto yenye unyevu inapanda kutoka Ghuba ya Mexico. Zinakutana upande wa mashariki wa milima ya Rocky, kanieneo, yaani mgandamizo wa hewa, inashuka, upepo unaanza kuzunguka kinyume cha mshale wa saa. Kaskazini ya mzunguko mnapata theluji, kusini yake huenda ikawa radi na mvua, dhoruba ile ile moja. Kisha inaelekea mashariki, siku mbili tatu baadaye iko New York. Wataalamu wa hali ya hewa wana kipimo cha dhoruba kali ya theluji: upepo kilomita 56 kwa saa au zaidi, usione zaidi ya mita 400, na hali hiyo idumu saa 3. Kwetu karibu na ikweta hewa mbili zinazotofautiana hivyo hazikutani. Mvua zetu za masika na vuli zinalifuata jua.

Msinielewe vibaya, hii kitu inaua. Oktoba 2013 huko South Dakota dhoruba ilikuja mapema, ng'ombe bado wako malisho ya kiangazi, manyoya ya baridi hayajaota. Mvua ikawalowesha kwanza, ndipo ikaja theluji na upepo. Walikufa ng'ombe makumi ya maelfu. Machi 2019 Nebraska, mvua ilinyesha juu ya theluji na udongo ulioganda, maji yakakosa pa kuingia, mafuriko yakafika hadi kwenye maghala ya nafaka. Ukiuliza wakulima wa huku, watakwambia balaa ni dhoruba iliyokosea mwezi wake. Mkulima wa Kinango kule Kwale anayapata hayo bila mkalimani.

Na msidhani majira haya ya baridi hayawahusu. Kaskazi inayovuma huko Desemba hadi Machi chanzo chake ni baridi pia: bara la Asia linapoa, hewa yake inakuwa nzito, inasukumwa kupitia bahari ya Arabuni hadi kwenu. Majahazi ya Oman na Bara Hindi yalikuja Mombasa kwa upepo huo, yakarudi kwa kusi.

Halafu kuna La Niña, yaani maji ya Pasifiki karibu na ikweta yanapopoa kuliko kawaida na kuvuruga mvua mbali sana. Ile ya 2020 hadi 2023 iliwakausha watu wa Kilifi na Kwale huko, kaskazini mwa Kenya ndiyo usiseme, misimu mitano ya mvua ikafeli mfululizo. Huku nako dhoruba za kipupwe ziliikwepa Kansas, na mavuno ya ngano ya 2023 yakawa madogo kuliko yote kwa miongo kadhaa. Bahari ya Pasifiki imepoa, mkulima wa Ganze huko Kilifi na huyu mzee wangu wote wanatazama mbingu. Katikati ya 2023 ikaja El Niño, kinyume chake, Pasifiki ikapata joto, na mafuriko yale ya mwisho wa mwaka mliyaona wenyewe.

Na mahamri je? Sehemu kubwa ya ngano ya Kenya inaingia kwa meli hapo bandarini kwenu. Ya Ukraine karibu yote, na nyingi ya Urusi, ni ngano ya namna hii hii, inayolala chini ya theluji. Bei ya unga ina mengi, kuna dola, kuna vita, kuna kodi, lakini na theluji imo.

Vidole vishakufa ganzi, nazima. Mwezi wa sita mashine zikiingia shambani nitawarekodia. Kwa sasa niandikieni pakiti ya unga ya kilo 2 ni shilingi ngapi dukani kwenu, nami nitamuuliza mzee analipwa ngapi kwa kilo, tulinganishe.