Kufuli na nyuzi katika Python: kulinda salio la akaunti, hatua kwa hatua

Ndugu mtazamaji, karibu. Leo tutaandika programu fupi ya Python inayotoa fedha kwenye akaunti kwa nyuzi mbili zinazofanya kazi kwa wakati mmoja, tutaitazama ikikosea, kisha tutaisahihisha kwa kufuli, yaani kitu kinachoweza kushikwa na uzi mmoja tu kwa wakati mmoja huku mingine ikisubiri. Uzi ni mfululizo wa maagizo unaotekelezwa ndani ya programu. Nyuzi zote za programu moja hutumia kumbukumbu ileile, na humo ndimo zinamopatikana faida yake na hatari yake.

Fungua faili jipya, liite benki.py, na mwanzoni uingize moduli mbili, threading na time. Chini yake andika salio = 100000, kisha funksheni hii:

def toa(kiasi):
    global salio
    if salio >= kiasi:
        jipya = salio - kiasi
        time.sleep(0.01)
        salio = jipya
        print("Umetoa", kiasi)

Sasa tengeneza nyuzi mbili, kila mmoja kwa mstari wa namna hii: threading.Thread(target=toa, args=(80000,)). Mkato ulio baada ya 80000 usiuache. Vilevile usiandike target=toa(80000), kwa sababu ukifanya hivyo funksheni itatekelezwa papo hapo na uzi mkuu, na uzi uliodhani umeuunda hautakuwa na kazi yoyote. Anzisha nyuzi zote mbili kwa start, zisubiri zote mbili kwa join, halafu chapisha salio.

Endesha programu. Maneno "Umetoa 80000" yanaonekana mara mbili, na salio ni 20000. Akaunti iliyokuwa na shilingi 100,000 imetoa shilingi 160,000 na bado imebakiza fedha. Uzi wa kwanza ulikagua salio, ukaliona linatosha, ukakokotoa 20000, kisha ukasinzia kabla ya kuiandika. Uzi wa pili ulipofika, salio lilikuwa bado 100000, kwa hiyo nao ukaruhusiwa. Zingatia kwamba 20000 ndilo jibu lilelile ambalo tungelipata endapo mtu mmoja tu angetoa fedha, hivyo mkaguzi anayetazama salio peke yake hataona kasoro yoyote.

Huenda ukasema kwamba time.sleep ni hila. Kazi yake ni kupanua mwanya ambao tayari upo. Python ya kawaida huruhusu uzi mmoja tu kutekeleza msimbo wa Python kwa wakati mmoja, na kwa kawaida uzi hupewa milisekunde 5 kabla ya kuombwa upishe mwingine, sys.getswitchinterval itakuonyesha 0.005. Funksheni yetu, bila kusinzia, humalizika mapema mno kuliko hapo, kwa hiyo kosa huweza kujificha kwa muda mrefu. Kuanzia toleo la 3.10, hata lile jaribio maarufu la kuongeza 1 kwenye kihesabio ndani ya mzunguko mara nyingi hutoa jibu sahihi, na wanafunzi wengi huhitimisha kwamba kufuli halihitajiki. Toleo la 3.13, lililotoka mwaka 2024, lilileta kwa majaribio muundo unaoruhusu nyuzi kwenda sambamba kabisa, na kwenye muundo huo jaribio lilelile huanguka haraka. Kosa la jinsi hii lilikuwamo pia katika mfumo wa tahadhari wa chumba cha kusimamia umeme huko Ohio, Marekani. Tarehe 14 Agosti 2003 mfumo huo ulinyamaza bila wahudumu kujua, na hiyo ikawa mojawapo ya sababu za giza lililowakumba watu wapatao milioni 50 nchini humo na Kanada.

Tuweke kufuli. Juu ya funksheni, nje yake, andika kufuli = threading.Lock(). Ukiliunda ndani ya funksheni, kila uzi utakuwa na kufuli lake na hakuna utakaomsubiri mwenzake. Baada ya mstari wa global, andika with kufuli:, kisha sogeza ndani yake mistari yote iliyobaki, kuanzia if. Endesha tena: "Umetoa 80000" inaonekana mara moja tu.

Sasa fanya kosa kwa makusudi. Weka with kufuli: chini ya if, ili ukaguzi ubaki nje na kutoa kubaki ndani. Salio linakuwa -60000, kwa sababu uzi wa pili ulikwisha kuruhusiwa kabla ya kuanza kusubiri. Kukagua na kutenda lazima vikae ndani ya kufuli moja. Kufuli lenyewe halijui salio ni nini, na msimbo wowote unaoligusa salio bila kulishika kufuli hautazuiwa na chochote. Ninapendelea with kuliko kuita acquire (kushika kufuli) na release (kuliachia) mwenyewe, kwa kuwa with huliachia kufuli hata hitilafu ikitokea katikati.

Hatua ya mwisho ni kuhamisha fedha kati ya akaunti mbili, kila moja ikiwa na namba yake, salio lake na kufuli lake. Uzi mmoja ukihamisha kutoka akaunti ya 1 kwenda ya 2, na mwingine kutoka ya 2 kwenda ya 1, kila mmoja huweza kushika kufuli la kwanza na kusubiri la pili bila kikomo. Huo ni mkwamo: programu haitoi ujumbe wa kosa, imetulia tu. Ili kuona imekwama wapi, ingiza moduli ya faulthandler na uandike faulthandler.dump_traceback_later(5) mwanzoni, baada ya sekunde 5 utaonyeshwa mstari ambao kila uzi umesimama.

Dawa yake ni utaratibu mmoja wa kushika makufuli, bila kujali fedha zinaelekea wapi. Ndani ya funksheni ya hamisha, panga akaunti kwa namba, kisha ushike kufuli la namba ndogo kwanza:

kwanza, pili = sorted((kutoka, kwenda), key=lambda a: a.namba)
with kwanza.kufuli, pili.kufuli:

Ukaguzi wa salio, kupunguza upande mmoja na kuongeza upande wa pili vyote viwe ndani ya with hiyo. Kutuma ujumbe kwa mteja kuwe nje yake, maana mtandao ukichelewa, kila anayehitaji akaunti hizo atachelewa pia. Bado kuna mwanya mmoja: mtu akihamisha fedha kwenda akaunti yake ileile, uzi utajaribu kushika kufuli ambalo tayari unalishikilia, na Lock haitaruhusu hilo. RLock, aina ya kufuli ambalo uzi uleule unaweza kulishika tena, ingeruhusu, lakini muamala wa namna hiyo hauna maana, kwa hiyo ukatae kwa kuandika if kutoka is kwenda: return kabla ya mstari wa sorted.