Kaunta buku na kidonda kilichorudi

Haya jamani tukae, wale wa nyuma kama feni inawapigia kelele sogeeni mbele, slaidi sina nyingi na projekta yenyewe mmeona inavyokorofisha. Nimeambiwa niongelee utafiti wa hospitalini, majeraha na maambukizi kwenye miji yetu, na mimi nitaanzia pale mapokezi, kwenye daftari.

Daftari lenyewe mnalijua, kaunta buku kwaya nne, kava limefungwa na plasta ya hospitali. Miaka hiyo ndo naanza mambo ya utafiti, hospitali moja ya Dar sitaitaja, nikapewa madaftari ya mwaka mzima niingize kwenye kompyuta. Nilichotaka ni kitu kimoja tu, waliopata ajali za bodaboda ni wangapi. Sasa kolamu ya sababu upana wake kama dole gumba, humo sista kaandika herufi tatu, RTA, chini yake RTA, chini yake tena RTA, mpaka mwisho wa ukurasa. Ajali ya barabarani, sawa, lakini alikuwa dereva au abiria, au ni mama wa watu alikuwa anavuka Barabara ya Morogoro na beseni lake kichwani? Helmeti alivaa? Hamna. Na sista simlaumu hata kidogo, saa nane usiku machela zimejaa mpaka kwenye korido, wewe ungeandika insha?

Wenzetu wa Kampala hili walishalishughulikia zamani. Miaka ya 90 pale hospitali ya Mulago, Dokta Olive Kobusingye na wenzake walitengeneza fomu ya kuandikisha majeruhi ya ukurasa mmoja, na kwenye kazi hiyohiyo ikatoka ile alama ya kupima majeruhi kaumia kiasi gani, inaitwa Kampala Trauma Score. Vitu vitano tu: umri, presha, anapumua mara ngapi kwa dakika, fahamu zake zikoje, na majeraha makubwa anayo mangapi. Kila kimoja unakipa alama, unajumlisha, aliye vizuri anapata 16, aliye taabani kabisa anapata 5. Haitaki CT scan wala bingwa, nesi mwenye saa na mashine ya presha anamaliza. Watu wanasifia hesabu yake, mimi nasifia zaidi kwamba inambana anayeuliza sio anayejibu. Sisi wengi unaandika dodoso la kurasa kumi na moja unalibwaga kwa watu wa zamu, halafu unashangaa tisa zimerudi tupu.

Ila kuna mahali hata fomu nzuri inagonga mwamba. Hapa kwetu ukiumizwa unatakiwa uwe na PF3, ile fomu ya polisi. Nia sio mbaya, kesi inahitaji ushahidi. Lakini mtu akifikiria foleni ya kituoni, au aliyemkata ni shemeji yake, au pikipiki haina leseni, anafika mlangoni stori ameshaipanga. Alikuja kijana mmoja amekatwa mkono kuanzia kiwiko kwenda chini, jeraha limenyooka safi, ananiambia kaangukia jiwe. Namuuliza jiwe gani lina makali hivi mdogo wangu? Anatazama chini. Mama yake ndo akajibu, "Dokta, andika jiwe." Nikaandika jiwe. Kwa hiyo siku ukisoma ripoti inasema mjini watu wanaanguka sana, na wewe jiulize.

Sasa tuje kwenye kilichonileta. Chukua mtu kavunjika mguu, mfupa umetoka nje, una mchanga na oili ya barabarani. Huyu anatakiwa apate antibayotiki mapema, ikiwezekana ndani ya saa moja tangu aumie, na kidonda kisafishwe vizuri kwa maji mengi. Kinachotokea mnakijua, ndugu katumwa duka la dawa ng'ambo ya barabara na karatasi mkononi, hela haitoshi, anapiga simu nyumbani, wakati huo bakteria wao hawasubiri M-Pesa iingie. Baadaye anasafishwa, anafungwa vyuma, anaruhusiwa, na kwenye kumbukumbu za majeruhi tunaandika ameruhusiwa, hali nzuri. Wiki ya tatu mguu unatoa usaha. Anarudi, ila kadi kapoteza, anafunguliwa faili jipya lenye namba mpya, anapelekwa chumba cha vidonda ambako kuna kaunta buku nyingine kabisa, na humo anaandikwa "kidonda, mguu wa kulia". Basi. Mtu mmoja na mguu mmoja, kwetu keshakuwa watu wawili, kule kapona na huku kidonda chake hakijulikani kimetoka wapi. Na usaha wenyewe mara nyingi haupelekwi maabara ukaoteshwa ijulikane ni bakteria gani, anachomwa seftriaksoni, antibayotiki ya sindano, kwa sababu ndo ipo. Halafu tunakaa semina hotelini tunajadili usugu wa dawa.

Homa nako ni hivyohivyo. Kuna utafiti ulifanyika Moshi, 2007 mpaka 2008, wagonjwa 870 waliolazwa na homa kwenye hospitali mbili. Madaktari waliandika malaria kwa 528, asilimia kama 61. Vipimo vya uhakika viliporudi, ambao homa yao ilikuwa ni malaria kweli ni 14. Kumi na nne! Wengine walikuwa na bakteria kwenye damu, wengine magonjwa ya wanyama kama brusela na leptospira, ambayo kama hujayaulizia kwenye daftari hayapo. Sasa msichukue hiyo namba mkaipeleka Ifakara, Moshi malaria yenyewe ni chache, namba ya hospitali ina mahali pake.

Na hata hapo mahali pake sio mji mzima. Aliyefia palepale lami kaenda moja kwa moja mochwari, aliyeteguka yuko kwa muunga mifupa anakandwa, mwenye bima kaenda praiveti. Wewe unahesabu waliofika kwako, sema hivyo, usiandike "wakazi wa Dar".

Nimalizie na simu maana naona mwenyekiti anaangalia saa. Ili ujue nani kapata usaha inabidi umfuatilie, siku 30 tangu apasuliwe, na kama kawekwa vyuma 90. Tukasema rahisi, tunachukua namba ya simu. Nikaanza kupiga. Wa kwanza anapokea, namuuliza mguu unaendeleaje, ananijibu mguu gani, mimi bodaboda bosi, yule mzee nilimbeba tu nikamfikisha hapo, na nauli hajanilipa mpaka leo. Wa pili namba ya mke, washaachana. Wa tatu simu ilipotea kwenye ajali ileile iliyomleta! Siku hizi tunachukua namba mbili na ya balozi wake wa nyumba kumi, na tunaipiga hapohapo mgonjwa yupo kitandani, tusikie inaitia mfukoni kwa nani.

Karibuni maswali. Dada wa kilemba cha kijani anza, wewe nimekuona muda mrefu mkono uko juu.